Kibla Si Huko

Kwa vile yule bwana, rafiki yangu, ameshaniwahi kuimwaga hadithi ya yaliyonipata ofisini Ijumaa kwenye kundi la WhatsApp, na mpaka shangazi yangu wa Lamu amenipigia kuulizia, acha niitoe mwenyewe. Yake ina uongo mmoja tu: sikulia. Jasho lilinitoka machoni. Hayo mengine, wallahi, ni kweli.

Mnajua tangu mwezi uliopita nawachosha na habari za kuhamisha klasta. Aliyechelewa na ajue hivi: ofisini tuna klasta, yaani kundi la hosti tatu, kompyuta kubwa zilizobeba mashine pepe thelathini na kitu, kompyuta za programu tupu. Simu za mezani, faili za forodha, kila kitu kimo humo. Msimamizi wao alikuwa vCenter, programu ya kuziongoza hosti, ya toleo la 7, ambalo muda wake wa kuhudumiwa ulikwisha tarehe 2 Oktoba 2025. Basi nikasimamisha mpya ya toleo la 8, nikawa nazitoa hosti kwa bibi mkubwa nazikabidhi kwa bibi mdogo, moja moja, bila kuzima kitu. Yawezekana. Hosti ikitengwa na vCenter, mashine zilizo juu yake hazina habari. Ni kama abiria waliolala, basi likibadilisha dereva Mtito Andei.

Kazi iko kwenye swichi. Ile swichi ya pamoja, ya programu, inayoziunganisha mashine na mtandao, ni mali ya vCenter ya zamani na haihami na hosti. Kwa hivyo unaitengenezea hosti swichi yake ya kawaida, unavusha kadi ya mtandao ya kwanza, yaani mlango wa waya wa kutoka nje, unazivusha mashine, halafu ndipo unavusha kadi ya pili. Kadi, mashine, kadi. Hata kwa mdundo wa chakacha yachezeka. Hosti mbili nilizimaliza Jumatano usiku bila hata simu moja kukatika, nikalala nikijiona mhandisi.

Ya tatu nikaiwekea Ijumaa, saa ya swala, ofisi ikiwa tupu. Huyo rafiki yangu akapita na kanzu yake, kofia imekaa upande, akaniambia, "Twende, yakhe." Nikamjibu, "Tangulia, nitakukuta msikitini." Sikuwa na nia hiyo, na Aliye juu akaisikia.

Kwenye hosti hiyo ya tatu nilikuwa nimevirundika vyote nilivyovionea huruma visisumbuliwe: vCenter ya zamani, vCenter mpya, seva ya simu, DNS, lile daftari la majina ya mtandao, na kasha la paswadi, programu ya kuzitunza. Hilo kasha mnalikumbuka? Mlinipongeza hapa hapa nilipotangaza kwamba karatasi sasa basi, siri zote zimo kwenye kasha. Kuna mmoja wenu aliandika "mashallah".

Haya. Kadi ya kwanza nikaivusha, salama. Simu ikalia. Mama.

"Wanangoja biriani, wewe uko wapi?"

"Naja, mama."

"Njoo na ndimu. Na maziwa lala. Si yale ya juzi, yale ya juzi yalikuwa maji."

"Ndiyo, mama."

"Na ndimu uziminye kwanza, wasikupe kavu."

Nikakata. Nikaitazama skrini. Kichwani mna ndimu. Nikajiuliza nimefika wapi, nikajijibu mwenyewe, kwa sauti: kadi ya pili.

Sasa nenda na mimi polepole. Mkono uko kwenye mausi. Kishale kinateremka kwenye kitufe cha kumalizia. Kando ya skrini pana orodha ya mashine, kumi na nne, zote za kijani, na mbele ya kila moja limeandikwa jina la swichi ya zamani. Ya zamani! Jicho limeliona. Jicho likauambia ubongo, ubongo ukasema ngoja, na kidole, ambacho kilishatumwa, kikabonyeza.

Kimya.

Kile kiduara cha kungoja kikazunguka. Kikazunguka tena. Nikakaa nakitazama kama mtu anayetazama feri ikiondoka Likoni naye amebaki kwenye ngazi. Simu ya mezani ikapoteza jina langu kwenye kioo chake. Kisha ya meza ya pili. Ya tatu. Nikaziona zikizimika kwa zamu mpaka kule mapokezi, adabu tupu, hakuna iliyosukuma nyingine.

Mashine hazikufa, eleweni. Zilikuwa hai, zina afya, zimo ndani ya swichi isiyokuwa na hata waya mmoja wa kutoka nje. Nimewafungia watu kumi na wanne ndani ya nyumba, na ufunguo nimewaachia wao.

Maana dawa ipo: unaingia kwenye hosti yenyewe moja kwa moja, bila vCenter. Unahitaji paswadi ya root tu, yule mwenye mamlaka yote. Iko wapi? Kwenye kasha. Kasha liko wapi? Msinijibu.

Ndipo nikakumbuka aliyenitangulia kazini alikuwa na tabia ya kubandika vikaratasi. Nikapiga magoti nyuma ya kabati la seva, tochi ya simu mdomoni, paji la uso liko sakafuni, nachungulia uvunguni. Mlango ukafunguliwa. Wametoka msikitini, yule bwana mbele, bosi nyuma yake.

"Yakhe," akasema kwa upole kabisa, "kibla si huko."

Na ni kweli. Kwetu Mombasa Makka iko kaskazini, nami nilikuwa nimeelekea Likoni.

Bosi hakucheka. Alisema tu, "Simu hazitoki," kisha akabaki ananitazama makalio, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa upande wake.

Aliyeniokoa ni mama wa usafi, aliyechungulia juu ya mabega yao na ufagio mkononi. "Mwanangu, watafuta ile karatasi? Iko ndani ya mlango wa kabati. Mimi huipangusa vumbi kila Jumatatu."

Paswadi haikuwahi kubadilishwa. Nikaingia, nikazivusha mashine moja moja kwa mkono, kumi na nne, dakika arubaini, bosi kasimama nyuma yangu na tasbihi. Hosti ya tatu nayo ikahamia kwa bibi mdogo jioni ile. Nyumbani nilikuta ukoko, na ndimu nilisahau.

Paswadi nimeibadilisha jana. Mama wa usafi ananiuliza hiyo mpya nitaibandika wapi, apate kujua pa kupangusa.