Urani tunaizungumza, chuma tumekisahau

Hapa Mtwara, mazungumzo ya umeme wa nyuklia hayachelewi kufika Namtumbo, kwa jirani zetu wa Ruvuma, kwenye urani ya Mto Mkuju. Sawa, ni utajiri wa kusini. Lakini urani ni fueli, huisha ikawekwa nyingine. Mtungi mkuu wa chuma unaobeba kiini cha kinu cha nyuklia haubadilishwi. Ukichoka, kinu nacho kimefika mwisho. Ndiyo maana nataka tuanze na chuma, na mafundi wa kuchomelea wawe wa kwanza kuitwa mezani.

Adui ni nyutroni, chembe ndogo mno zinazoruka atomu za urani zinapopasuka. Hugonga atomu za chuma na kuzing'oa mahali pake, mwaka nenda mwaka rudi. Mwaka 1967 watafiti Cawthorne na Fulton walieleza walichokiona ndani ya chuma cha pua kilichotoka kinu cha Dounreay, Uskoti: chini ya hadubini ya elektroni kilijaa vitundu kama mkate wa kumimina. Chuma cha hivyo huvimba.

Kisa cha shaba ndicho kinachonigusa zaidi. Sisi tunaujua upepo wa bahari unavyokula chuma. Waya wa kuchomelea hupakwa shaba ili usishike kutu na upitishe umeme vizuri. Miaka ya 1960, mitungi ya vinu kadhaa Marekani ilichomelewa kwa waya wa aina hiyo, na shaba ikaingia kwenye maungio. Nyutroni zilipoanza kupita, atomu za shaba zikakusanyika makundi madogo mno, maungio yakawa rahisi kupasuka. Mkono wa fundi haukukosea. Mchanganyiko ndio uliomponza. Baadaye viwango vikabana kiasi cha shaba.

Vyuma vya kisasa zaidi havimiminwi kabisa. Unga wa chuma husagwa pamoja na oksidi ya itriamu, kisha hushindiliwa kwa joto kali. Chembe za oksidi hiyo hunasa gesi ya heli inayozaliwa ndani ya chuma nyutroni zinapokigonga. Ukikiyeyusha kwa arki, yaani cheche ya umeme ya kuchomelea, chembe hujikusanya na nguvu hupotea, hivyo huunganishwa kwa msuguano.

Naomba VETA za Mtwara na Lindi ziwafundishe vijana kusoma cheti cha chuma, shaba kiasi gani, fosforasi kiasi gani, na kupima maungio kwa mionzi. Bomba la gesi linaloanzia Madimba linahitaji ujuzi huo leo, kinu kije kisije.