Kufuma tufume, ila kusokota tuwaachie viwanda

Bibi yangu mzaa mama, wa Maswa, alikuwa na tabia moja ambayo utotoni sikuitilia maanani kabisa. Jioni kabla ya kuwasha koroboi alikuwa anachukua pamba kidogo, ile fifi ambayo hata ukiipeleka kwenye mizani wanakupa hela ya kukudhalilisha, anatoa mbegu kwa kucha, anaivuta vuta halafu anaivingirisha juu ya paja kwa kiganja, mara tatu mara nne, utambi tayari. Wala haangalii mkono, anaendelea kutugombeza tu. Juzi juzi ndo nikaja kushtuka kwamba kile alichokuwa anafanya ni kusokota uzi, na kwenye ukoo wetu, watu wa pamba toka enzi za mababu, kusokota kote kumeishia kwenye utambi wa taa. Na siku hizi kuna taa za sola kwahiyo hata huo utambi haupo tena.

Naandika hivi maana kila nikiingia mtandaoni nakutana na wale ndugu zetu wa "turudi kwenye asili", tufufue nguo za kusokotwa na kufumwa kwa mkono vijijini, vijana wapate ajira, mitumba ife. Na mi napenda sana hilo wazo, sina utani. Ila nikaona kabla sijaanza kushangilia ngoja nijaribu mwenyewe.

Desemba nilivyoenda Maswa nikatengeneza pia ya kusokotea, kile kijiti chenye uzito chini kinachozungushwa ili kisokote uzi. Kilwa kwenye magofu wachimbaji wa mambo ya kale walikuta vigae vya vyungu vimechongwa duara na kutobolewa katikati, vilikuwa vinachomekwa kwenye kijiti kama uzito ili pia izunguke, nikaona kama wazee wa Kilwa waliweza na kigae cha chungu kilichovunjika mi nashindwaje. Nikatafuta kigae, nikakitoboa na msumari (cha kwanza kilipasuka), nikachomeka kijiti. Halafu nikakaa chini ya mwembe na furushi la pamba na kujiamini kwingi.

Jamani. Kwanza mbegu, pamba imezishikilia utadhani zinadaiwa. Ukimaliza mbegu unaichambua iwe laini, ukianza kuvuta uzi unakuwa mnene hapa kama kamba ya mbuzi, pale mwembamba kama nywele, halafu pia inaanguka na uzi umekatika. Masaa mawili mazima nimetoa uzi wa futi sita hivi, watoto wa binamu wananicheka tu.

Usiku nikapiga hesabu. Chukua kitambaa cha saizi ya kanga moja, tuseme mita 1.1 kwa 1.6, na kisiwe kizuri sana, nyuzi 10 tu kwa sentimeta. Mtande peke yake, zile nyuzi za urefu, ni nyuzi 1,100 mara mita 1.6. Mshindio nao, zile za kukatiza, unakula kiasi hicho hicho. Jumla kama kilomita tatu na nusu za uzi! Hata ningekuwa fundi nikatoa mita 50 kwa saa, hayo ni masaa 70. Ukimlipa mtu kama kibarua, tuseme elfu tano kwa siku ya masaa nane, uzi tu umeshavuka elfu 40, bado hujafuma, hujatia rangi, hujapakia kwenye basi. Na Kariakoo doti nzima ya kanga, vipande viwili, unaondoka nayo kwa pesa ndogo kuliko hiyo. Nani atanunua? Mtalii mmoja mmoja na yule dada wa NGO, basi.

Siyo kwamba huku kwetu hatujawahi kuwa na nguo zetu. Barbosa, Mreno aliyeandika miaka ya 1510, anasema Waislamu wa Sofala, Msumbiji ya leo, walikuwa wanalima pamba na kufuma nguo nyeupe, na kwa vile rangi ya buluu hawakuwa nayo walikuwa wananunua vitambaa vya Cambay India, wanavifumua uzi mmoja mmoja, halafu wanaufuma upya na ule wao mweupe. Pate, kule visiwa vya Lamu, nako walikuwa wanafumua hariri za ng'ambo na kuzifuma upya kwa mtindo wao, wakatafutwa pwani nzima. Burton, yule mpelelezi Mwingereza, alivyofika Kazeh, ndo Tabora hiyo, mwaka 1857 aliwakuta Wanyamwezi wanafuma pamba. Wafipa ndo usiseme, kwa kufuma walisifika mbali.

Kilichowaua ni bei, hakuna mchawi. Kitambaa cha viwanda vya Massachusetts kilianza kushushwa Unguja karne ya 19, ndo hiyo merikani, mpaka leo jina liko mdomoni mwetu, halafu baadae Bombay nao wakashusha cha kwao. Mwanamke aliyekuwa anakaa msimu mzima kusokota ili mumewe apate shuka akaona shuka inabadilishwa na jembe au pembe, sasa asokote ya nini? Mi nisingesokota.

Watu wa kufufua wakisikia hivi wanakuja na Gandhi. Sawa, tumjadili Gandhi, maana hadithi yake ina kona ambayo wengi wanairuka. Pale ashram ya Sabarmati, makazi yake na wafuasi wake, walianza kwa kufuma kwa uzi wa kiwandani! Gurudumu la kusokotea, charkha, lilikuwa limeshapotea kiasi kwamba hakumpata hata mtu wa kuwafundisha, mpaka mama mmoja anaitwa Gangaben Majmudar akazunguka Gujarat na kuyakuta hayo magurudumu Vijapur, yametupwa darini. Na sababu ya Gandhi kuukataa uzi wa kiwanda ilikuwa nzito, alisema tukifuma kwa uzi wao sisi tunageuka mawakala wa viwanda tu, bila mshahara. Hiyo hoja imenisumbua wiki nzima aisee.

Maana ni kweli. Fundi mmoja anayefuma vikoi niliwahi kukaa nae mchana mzima, mashine yake ya mbao, anakanyaga mguu kulia nyuzi zinafunguka, anarusha kile kijiti chenye uzi kinapita vuup, anavuta ubao unagonga mara mbili, anakanyaga kushoto. Ana spidi huyo mzee sijapata kuona, sentimeta kwa sentimeta kikoi kinakuja. Nikamuuliza changamoto, nikitegemea aseme wateja. Akasema uzi. "Mwanangu, uzi ukikosekana wiki mbili mimi nalala wiki mbili, na ukipanda bei siwezi kumwambia mteja wa oda aongeze." Yani koo lake kalishika mwenye uzi, Gandhi alishaliona hilo miaka mia iliyopita.

Ila dawa ya Gandhi siyo dawa yetu. Yeye alikuwa anapigana na nguo za Uingereza, kusokota ilikuwa siasa na ibada kwa pamoja, kila mtu asokote hata nusu saa kwa siku, tajiri na maskini, bei haikuwa hoja. Baada ya uhuru hiyo kazi ikabebwa na serikali, kukawa na tume nzima ya khadi (hizo nguo za kusokotwa na kufumwa kwa mkono) na viwanda vya vijijini toka miaka ya 1950, na mpaka leo khadi inauzwa kwa punguzo na ruzuku. Na bado Desemba 2021 India ilibadilisha kanuni za bendera yake, ambayo ilitakiwa iwe ya kusokotwa na kufumwa kwa mkono, sasa hivi hata polyester ya mashine ruksa. Kama bendera yenyewe imeshindwa, we unataka mama wa Meatu asokote shati la mwanae?

Mi naona mwenye somo letu ni Burkina Faso. Wana kitambaa chao cha kufuma, faso dan fani, na mafundi wengi wanafuma kwa uzi wa kiwandani, hakuna anayelia kwamba uasili umepotea. Rais wao Sankara aliwalazimisha watumishi wa serikali wakivae, na Julai 1987 akasimama mbele ya marais wenzake Addis Ababa akawaambia nguo aliyovaa imefumwa Burkina, kwa pamba ya Burkina. Lazima ile watu waliichoka, wafanyakazi walikuwa wanaweka moja ofisini ya kuvaa chap chap bosi akitokea, wakaibandika jina "Sankara anakuja" 😂 Alivyouawa Oktoba mwaka ule ule amri ikafifia. Ila mafundi, wengi wao kina mama, walikuwa wameshajua kazi na kitambaa chenyewe ni kizuri, ndo maana miaka ya karibuni kimerudi kwa nguvu, maharusini, maofisini, mpaka kwenye sare za wanafunzi.

Kwahiyo msimamo wangu ndo huu: mkono ufume, kiwanda kisokote. Kusokota ni mateso ambayo mashine inayafanya vizuri zaidi na hakuna mteja atakayeona tofauti. Kufuma ndo kwenye jicho na mkono wa fundi, ndo kwenye mistari na ncha zenye mafundo ambazo watu wako tayari kuzilipia. Na pamba tunayo, imejaa Simiyu na Shinyanga, ila sehemu kubwa inachambuliwa, inafungwa marobota, inapanda meli. Kiwanda cha nguo cha Urafiki tulifungua 1968 kwa msaada wa Wachina, Mwatex ya Mwanza ikawepo, Mutex ya Musoma ikawepo, tulijua kusokota uzi bana. Tukipata kiwanda hata kimoja kinachomuuzia fundi uzi kwa kilo tano kumi kwa bei inayotabirika, hapo mashine za mbao zitaota zenyewe, SIDO, wale wa serikali wa viwanda vidogo, watafundisha na maisha yataenda. Lakini sisi tunaanza na semina, mafundi 30, posho, picha na mheshimiwa, halafu mashine inabaki inawekewa kuku.

Angalia vikapu vya Iringa, mbona havikufa? Milulu inaota bondeni, mama anaikata mwenyewe, hakuna wa kumshika koo. Mikeka ya ukili Pemba vile vile.

Na wauzaji nao tuambizane. Nilinunua kikoi dukani, muuzaji ananiapia kimefumwa kwa mkono, bei kitonga, nikampelekea shemeji siku ya send-off. Kufua mara ya kwanza tu kikatoa rangi, mashuka yote ya watu yakawa ya pinki, nikatafutwa ukoo mzima. Nilivyokigeuza vizuri sikuona hata alama moja ya mkono wa mtu. Hiyo ndo inayomuua yule mzee wa kijiti kuliko hata mitumba, maana mteja akishatapeliwa mara moja harudi. Kuna kampuni ya Uingereza mwaka 2006 ilitaka mpaka kusajili jina kikoy liwe lake, Wakenya wakakomaa likashindikana, ila sisi wenyewe hatuna hata lebo ya kusema hiki kimefumwa na mtu na hiki kimetoka kwenye kontena.

Mitumba sitaigusa leo, 2016 Afrika Mashariki tulisema tunaipiga stop, Marekani ikatishia kutuondoa AGOA, ule mpango wa kuuza bidhaa kwao bila ushuru, Rwanda tu ndo ikakaza. Hiyo ni makala yake.

Ule uzi wangu wa futi sita sikuutupa. Nimeufungia funguo za gheto, una mafundo mafundo na umeshakuwa mweusi kwa jasho la mfukoni, lakini haujakatika. Binamu anasema ni kwa sababu ule upande mnene ndo unaobeba.