Campbell wa Korogwe

Mdogo wangu alipopata mchumba Mskoti kule Glasgow, upande wa bwana harusi walituma ombi moja: wanaume wote tuvae kilti, ile sketi ya wanaume wa Kiskoti. Hilo halikunitisha, maana nyumbani nashinda na kikoi. Kilichonitisha ni mstari wa pili wa ujumbe wao: kila mtu achague tartani, yaani kitambaa cha mistari, ya ukoo wake.

Ukoo upi sasa? Baba yangu ni Mngoni wa Songea. Mama ni binti wa Mzigua wa Korogwe na Mskoti aliyekuja Tanganyika enzi za mkonge akawa fundi wa korona, yaani mashine ya kuchakata mkonge, si ule ugonjwa. Huyo babu alikuwa Campbell, ingawa wakata mkonge walimwita Bwana Kambeli. Mama yake naye alitoka kwa akina MacDonald. Kwa hiyo damu ninayo ya kumwaga, ila kitambaa ni kimoja.

Nikatupa swali kwenye grupu la ukoo la WhatsApp. Kufika adhuhuri simu ilikuwa ya moto.

Shangazi wa Songea alituma sauti: "Mwanangu, ukoo unafuata baba. Wewe ni Mngoni. Babu zako walivuka Zambezi mwaka 1835 wamejifunga ngozi. Waambie hao Waskoti wakutafutie ngozi." Mama Mkubwa wa Korogwe alitazama picha ya tartani nyekundu niliyoituma, akauliza, "Hilo si shuka la Wamasai? Hapa stendi yamejaa. Usiibiwe." Mjomba, mwenye jina la Campbell kwenye leseni yake na ambaye hajawahi kuvuka Namanga, aliandika kwa herufi kubwa: VAA YETU. Shangazi akajibu kwamba "yetu" ni ya nani, na hapo vita ikahama kwenye kitambaa ikaingia kwenye mahari ya mwaka ambao mimi sijazaliwa.

Mama ndiye aliyefunga mjadala. "Vaa ya baba yangu. Hao MacDonald hawakunilipia ada."

Nikaenda duka la kukodisha kilti. Alinipokea mzee mwenye futi shingoni na pini mdomoni.

"Ukoo?"

"Campbell."

"Campbell wa wapi?"

"Wa Korogwe."

Akanitazama juu mpaka chini, akafungua daftari la vitambaa. Kuna Campbell wa Breadalbane, akanionyesha, kuna wa Cawdor, kuna wa Loudoun, kila mmoja na mistari yake. Wa Korogwe hakuwepo. Akanipa ile ya jumla, kijani na buluu na nyeusi, ambayo ndiyo hiyohiyo ya kikosi cha jeshi cha Black Watch. Kisha akanipandisha kilti mpaka kitovuni. Mimi nikaishusha nyongani, kinakokaa kikoi. Akaipandisha. Nikaishusha. Akanipiga mkono kwa futi. Kilti kamili hula yadi 8 za sufu, zaidi ya mita 7, na karibu yote imekunjwa marinda nyuma. Ukishafungwa mikanda yake unajiona umebeba blanketi la bweni kwa makalio.

Alikuwa mtu wa maneno, yule mzee. Akaniambia nisihangaike sana na damu. Hakuna sheria inayonilazimisha kuvaa ya huyu au ya yule. Serikali yao ina daftari rasmi la tartani tangu mwaka 2009, na mtu yeyote anaweza kusajili mistari yake mwenyewe, hata iwe ya Korogwe. Na hizi ziitwazo tartani za koo, nyingi hazifiki mbali. Mavazi ya Nyanda za Juu za Uskoti yalipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1746, yakaruhusiwa tena mwaka 1782. Mfalme George wa Nne alipozuru Edinburgh mwaka 1822, kila bwana mkubwa akataka kuonekana na kitambaa cha ukoo wake, hata kama babu yake hakuwahi kuwa nacho. Kule Bannockburn wafumaji walikuwa wakiuza mistari mingi kwa namba tu. Namba zikapata majina ya koo. Mwaka 1842 ndugu wawili waliojidai wajukuu wa kifalme wakatoa kitabu cha tartani "za kale", watafiti wakaja kugundua ni cha kughushi. Mistari mingine ya humo inavaliwa mpaka leo harusini.

"Kwa hiyo ni utapeli?" nikauliza.

"Ni biashara. Weka sahihi hapa, hiyo ni amana. Bwana harusi ni ukoo gani?"

"MacDonald."

Alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni.

Siku ya harusi tukajipanga. Baba Mdogo, aliyetoka Songea kwa viza ya kuisotea, alikataa kilti akavaa suti ya Kaunda. Kuhusu kinachovaliwa ndani ya kilti, stori zote nilishazisikia. Mimi nilivaa bukta nyekundu ya Simba. Glasgow, mwezi wa Oktoba. Mila nazo zina mipaka yake.

Baba wa bwana harusi alikuwa mzee mrefu, ndevu nyeupe, tartani nyekundu ya MacDonald wa Sleat. Aliponiona ukumbini alinyoosha kidole, akapaza sauti: "Campbell! Hesabuni vijiko!" Kisha akanikumbatia hadi mbavu zikalia.

"Anasemaje huyu mzee?" Baba Mdogo akauliza.

Ikabidi nimweleze habari za Glencoe. Mwanzoni mwa mwaka 1692, askari chini ya Kapteni Robert Campbell wa Glenlyon walipewa malazi kwa akina MacDonald wa bonde hilo. Walikaa karibu wiki mbili, wakala, wakanywa, wakacheza karata na wenyeji. Alfajiri ya Februari 13 wakaamka wakawaua wenyeji wao, watu kama 38, na wengine wakafia kwenye theluji wakikimbia. Amri ilitoka serikalini na si askari wote walikuwa Campbell, lakini jina ndilo lililobeba lawama. Mpaka leo kuna hoteli pale Glencoe yenye kibao: wachuuzi na akina Campbell hawaruhusiwi.

"Na leo wanaozana?"

"Wanaozana, Ba'mdogo. Na kucheka wanacheka."

Aliweka uma chini. Sura ilimng'aa kama ya mtu aliyekutana na ndugu ugenini. "Kumbe ni watani!"

Wangoni na Wahehe walichinjana karne ya 19 mpaka wakachoka, wakabaki na utani. Mhehe akifika msibani kwa Mngoni anaweza kuingia kaburini akalala, akidai alipwe ndipo mazishi yaendelee, na atalipwa. Baba Mdogo ni mtani mwenye sifa Songea nzima. Nilipaswa kumtoa ukumbini wakati ule ule, lakini muziki ulishaanza.

Ngoma zao zile ni za kuzungushana kwa kasi, kwa hiyo mzee MacDonald alivua sporani, ule mkoba wa ngozi unaoning'inia mbele ya kilti, akauacha kitini. Wake ulikuwa wa sherehe, umejaa manyoya. Aliporudi, kiti kitupu. Baba Mdogo alikuwa amesimama mbele yake, mikono nyuma, kidevu juu.

"Mwambie," akaniagiza, "mzigo wake uko salama. Lakini mimi ni upande wa Campbell, na mtani hatoi bure."

Nikatafsiri jasho likinitoka. Mzee MacDonald akasikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie habari ya Mhehe kulala kaburini, akaita chupa ya wiski. Wakapatana kwa ishara tu. Chupa ikapokelewa, ikafunguliwa, ikaonjwa. "Sasa mkoba," nikasema.

"Uko kwenye pochi ya mama yako."

Mama alikuwa ameshaondoka kwa teksi kwenda hotelini kupumzisha miguu. Na ndani ya sporani ile mlikuwa na miwani ya mzee na hotuba yake, ambayo ilikuwa ya pili kwenye ratiba.

"Basi nami nateka," mzee akasema, akafungua mnyororo wa sporani yangu, akaivaa yeye. "Leta yangu, upate yako."

Kumbe mkoba ule una kazi. Ndio unaokandamiza upande wa mbele. Nilipotoka mlangoni kukimbilia hotelini, upepo wa mto Clyde ulinikuta ngazini. Nyuma, marinda yalibaki na adabu zao. Mbele, kitambaa kilipanda mpaka kifuani. Wavuta sigara wa upande wa bwana harusi, wote nyekundu, walikuwa wamepanga mstari pale nje. Wakaiona bukta.

"Ndani ni MacDonald!" mmoja akapiga kelele, na ukumbi mzima ukasikia.

Hotelini nilimkuta Mama amesimama juu ya kitanda. Alifungua pochi kutafuta dawa ya miguu, mkono ukakutana na manyoya. Alichodhani ni mnyama gani hajasema mpaka leo. Alikirusha bafuni, kikatua kwenye maji ya moto aliyoyatayarisha kukandia miguu.

Nilirudi ukumbini nimekishika kinachuruzika. Mzee akatoa miwani, akaifuta, akaivaa. Akakunjua hotuba: ukurasa mzima buluu, hakuna neno. Akaishika juu kila mtu aione.

"Campbell wamefanya tena," akasema kwenye maikrofoni.

Hotuba aliyoitoa badala yake ilinihusu mimi tangu mwanzo, na wavuta sigara wakiitwa kuthibitisha. Baba Mdogo, chupa mkononi, akanidai nitafsiri kila neno, kisha naye akaomba maikrofoni atangaze kwamba kijana wake ni tikitimaji: nje Campbell, ndani MacDonald, na mbegu ni za Kingoni. Shangazi alipotumiwa video, aliridhika kwa mara ya kwanza tangu uchumba uanze.

Sporani yangu sikurudishiwa. Mzee anadai hotuba yake ilikufa mateka, kwa hiyo fidia ni mbuzi, tena wa Korogwe. Duka wamekula amana yangu. Mzee ameitundika juu ya meko ya sebule yake, na kila Jumapili ananitumia picha. Nilimweleza Baba Mdogo kwamba nataka kulipa yaishe. Akanikataza kabisa: ubatizo wa mtoto wa kwanza utafanyika hukohuko Glasgow, na yeye ameshaona mzee anapoweka kofia.