Kata Kichwa, Shangazi

Wanafunzi wapya wa upambaji keki huogopa maua. Mtu anakodolea macho waridi la krimu hadi jasho linamtoka, kumbe waridi mkono hulizoea haraka. Balaa hujificha kwenye mambo ambayo hakuna anayeyapiga picha: keki kukaa sawa, krimu kuendana na joto la siku hiyo, na urefu wa boksi. Shangazi alipatwa na yote matatu kwenye keki moja.

Tunamwita Shangazi kwa sababu alijiandikisha pamoja na binti wa kaka yake, darasa zima likadakia, na mimi ninayemfundisha nikajikuta nimo. Ni mama wa haraka, sauti kubwa, mkono mzito. Tukiwa bado kwenye somo la kuoka, akapokea oda: keki ya kumuaga mkuu wa ofisi fulani anayestaafu, maandishi yasomeke HONGERA MKUU WETU. Nikamshauri angoje kwanza tufike somo la kuandika.

"Ticha," akanijibu, "kuandika si nilifundishwa darasa la kwanza?"

Basi akaoka. Vipimo alivifuata vizuri, hilo namsifu: siagi, sukari na unga gramu 400 kila kimoja, mayai 8, bekingi pauda vijiko vya chai 4, mchanganyiko ukagawanywa kwenye trei mbili za inchi 8. Tatizo lilikuwa moto. Keki nene ya namna hiyo inataka nyuzi 160, taratibu. Yeye akasukuma hadi 200 ili awahi daladala. Moto ukizidi, kingo huiva na kukakamaa mapema huku katikati kungali uji unaopanda. Hauna pa kwenda ila juu, na keki inaota kichwa. Oveni yenyewe inaunguza zaidi upande wa kulia, ndiyo maana nasisitiza trei igeuzwe muda ukifika theluthi mbili, wakati keki imeshashika. Ukifungua mapema, inaporomoka. Shangazi hakufungua mapema wala hakugeuza. Kichwa kikatokea, tena kimeegemea upande mmoja.

Dawa yake ni ndogo. Keki ikipoa kabisa, unachukua kisu kirefu cha meno, unakata kichwa huku unazungusha keki polepole, na ile keki itakayokaa juu ya mwenzake unailaza kifudifudi ili upande ulionyooka uliokuwa chini ndani ya trei uwe ndio uso. Nilimwambia: "Shangazi, kata kichwa." Akaniangalia kwa huruma. Kukata keki ya mtu aliyelipia, kwake yeye, ni wizi. Akakipandisha kipande juu ya mwenzake, kichwa kikitazama dari, akajaza krimu pembeni kuficha.

Na krimu nayo ina habari yake. Batakrimu yetu ni gramu 500 za sukari ya aisingi iliyochekechwa kwa gramu 250 za mafuta, vanila kijiko cha chai na maziwa vijiko 2 vya chakula. Ila Dar es Salaam ya Februari haina masihara: siagi ikikaribia nyuzi 30 imeshalegea. Kwa hiyo nusu ya yale mafuta, gramu 125, tunaweka ya kupikia, yale meupe magumu, kwa kuwa yanavumilia joto zaidi. Shangazi akakataa katakata. "Mafuta ya maandazi kwenye keki ya mkuu? Watu watanionaje?" Akatumia siagi tupu. Nakiri ladha ilikuwa tamu kuliko yangu, lakini ladha haishiki herufi.

Kwenye kuandika, unachora kwanza mistari kwa kijiti cha meno, halafu unapitisha nozeli namba 3, mfuko umelala kiasi, ncha ikielea juu kidogo ya keki ili uzi wa krimu uanguke wenyewe. Shangazi alikandamiza, na krimu ilivyokuwa laini, kila herufi ikatoka nene kama mhogo. E na R zikaangukia juu kabisa ya kichwa.

Boksi lake lilikuwa na kimo cha inchi 5. Piga hesabu: vipande viwili vya inchi 2, krimu ya katikati na ya juu karibu nusu inchi, kichwa, halafu mihogo. Juu ya keki inafaa ibaki nafasi ya inchi moja hivi. Binti alipoona mfuniko umetuna, akasema polepole, "Shangazi, mbona kama inagusa?" Shangazi akaongeza selotepu.

Wakapanda bajaji, boksi mapajani. Keki hukaa sakafuni, pamenyooka, juu ya kitambaa kisichoteleza. Mapaja yana joto, tena yanainama kila kwenye tuta. Na njia ile matuta yake ni mengi.

Yaliyofuata niliyaona kwenye video aliyoituma binti. MC anakata selotepu kwa mbwembwe, anainua mfuniko, na kwa kuwa ni mtu wa kusoma kwanza kuelewa baadaye, anatangaza kwa kipaza sauti: "Na keki yetu inasema... HONGA MKUU WETU!"

E na R zilikuwa zimeganda kwenye mfuniko.

Ukumbi kimya. Kisha sauti kutoka nyuma: "TAKUKURU wapo humu?" Mkuu akavua miwani, akaifuta, akasogea kusoma mwenyewe. "Miaka yote niliyokaa hapa," akasema, "ndiyo mnakumbuka leo nakabidhi funguo?"

Hapo ndipo Shangazi alipojitosa. Kadibodi inanyonya mafuta ya krimu na kuing'ang'ania, kwa hiyo herufi iliyohamia huko hairudi. Unachovya kisu kwenye maji ya moto, unakifuta, unalainisha pengo, unaandika upya kwa krimu ya akiba. Akiba yake wanae walishailamba nyumbani. Yeye akageuza mfuniko, akaulenga, akaukandamiza kwa viganja vyote viwili. Alipouinua, ukaja na A.

MC, masikini, akasogeza kipaza sauti mbali na mdomo. Mkuu akaomba kisu, akakata palepale kwenye G, akapita mbele ya mkewe aliyekwishafungua kinywa, na kipande cha kwanza akamlisha mhasibu.