Waacheni wasuke ukili pamoja

Afisa mmoja wa mradi amewaambia akina mama wa kijijini kwetu kwamba wanapoteza muda. Kila mmoja asukie nyumbani kwake, ukili, yaani ule mkanda uliosukwa ambao hushonwa kuwa mkeka, upimwe kwa pima, Ijumaa ukusanywe na ulipwe. Kukaa barazani mchana kutwa, alisema, ni porojo tu. Nimeshindwa kulinyamazia.

Mtu anayesema hivyo hajawahi kukaa na wasukaji. Ukindu, majani ya mkindu, ukishaanikwa, ukachanwa na kuchemshwa na rangi, kazi iliyobaki ni ya vidole, na vidole vikizoea, macho na masikio huwa huru. Bi mkubwa hutupia jicho ukili wa binti aliye kando yake, akauchukua, akafumua chane kadhaa, akamrudishia: "Kaza, mwanangu, usije ukatoa mkeka wa matundu." Binti kafunzwa hapo hapo, bila darasa wala cheti. Na barazani hapo hapo mama mwingine ataulizwa mbona uso wake si wa jana. Ndiko kunakojulikana nani anapigwa na mumewe, nani mwanawe karudishwa nyumbani kwa karo, nani kajifungua na hana wa kumpikia uji. Chama chao cha kuchangiana kilizaliwa papo hapo, hakikuletwa na mradi wowote. Mkiwatawanya, ukili mtaupata. Huyo anayepigwa atajulikana na nani?

Dharau hii ina miaka mingi. Jumuiya ya Maendeleo ya Wanawake ilipoanzishwa Kenya mwaka 1952, chini ya serikali ya kikoloni, wanawake walikusanywa wafundishwe kushona, kufuma na usafi wa nyumba. Wakati huo mabibi zetu huku Pwani walikuwa wakisuka mikeka na miswala, wakikutana bila kuitwa na mtu.

Haya, nakubali bei ni ndogo, na mikeka ya plastiki imejaa madukani. Mama alipwe jasho lake. Basi tafuteni soko, mwondoeni dalali katikati. Hilo halihitaji kuvunja baraza. Mbona wanaume wanaocheza bao mpaka magharibi hawaambiwi wanapoteza muda?

Karatasi za makubaliano zinaletwa Jumatatu. Mama zangu, msitie saini wala dole gumba mpaka kile kipengele cha kusukia nyumbani kifutwe.