Kichwa cha pembetatu hakitoshi kutaja spishi

Kuna makala inayosema mnyoo bapa wa maji baridi wenye kichwa cha pembetatu lazima uwe wa jenasi ya Dugesia (jenasi ni kundi la spishi zenye undugu wa karibu). Hapana. Familia yake, Dugesiidae, ina jenasi kadhaa, na Girardia, ambayo asili yake ni mabara ya Amerika, nayo ina kichwa cha namna hiyo hiyo. Girardia tigrina imeshaingia Ulaya na wengi huidhania ya kienyeji. Dugesia asili yake ni Afrika, Ulaya na Asia, mpaka pande za Australia. Minyoo hii haivumilii ukavu wala maji ya bahari, ndiyo maana mtawanyiko wake wa asili unafuata sana historia ya mabara yenyewe.

Kinachotenganisha spishi ni viungo vya uzazi, vinavyosomwa kwa hadubini baada ya mwili kukatwa vipande vyembamba mno. Shida ni kwamba minyoo mingi huzaana kwa kujigawa: mkia unang'ang'ania jiwe, kichwa kinavuta mbele, mwili unakatika. Minyoo ya namna hiyo mara nyingi haina viungo hivyo kabisa, na hapo DNA ndiyo msaada.

Tafadhali, mkikusanya, inueni mnyoo kwa brashi laini, maana kibano huurarua. Uacheni wiki moja bila chakula ili utumbo uwe mtupu. Kateni ncha ya mkia kwa ajili ya DNA, itieni kwenye ethanoli (alkoholi) isiyochanganywa na maji. Mwili uliobaki uende kwenye dawa ya Bouin, ya kuhifadhi viungo ili visomwe kwa hadubini. Mnyoo ukitiwa wote kwenye ethanoli hujikunja na kukakamaa, na viungo vya ndani havisomeki vizuri.