Mpiga Solo Aliyefungiwa Bafuni

Sharti nianze kwa kueleza kazi yenyewe, kwa kuwa usiku ule nililazimika kuieleza mbele ya wanawake wawili waliovaa sare ya kitenge, na maelezo hayo ndiyo yaliyozua balaa.

Gitaa la umeme hurekodiwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya wakubwa wetu: mpigaji huchomeka gitaa kwenye amplifaya, maikrofoni ikawekwa mbele ya spika, na sauti iliyotoka siku hiyo ndiyo hiyo; ikibainika baadaye kwamba ilikuwa kali mno, mpigaji huitwa upya, hudai nauli upya, na hupiga upya akiwa amenuna. Ya pili ni kumrekodi dairekti, yaani gitaa likaingia kwenye kadi ya sauti ya kompyuta bila kupitia amplifaya, likatoa sauti kavu isiyopendeza, kisha siku nyingine, mpigaji akiwa zake kwake, fundi akaitoa sauti ile kwenye kompyuta, akaipitisha kwenye amplifaya anayoitaka na kuirekodi tena kwa maikrofoni. Huko ndiko kuriampu. Katikati huwekwa kisanduku kidogo, kwa sababu sauti inayotoka kwenye kadi huwa na nguvu kuliko ile ya gitaa, nayo amplifaya ya gitaa ikilishwa kupita kiasi hukwaruza. Fundi sauti wa Marekani, John Cuniberti, alianza kuuza visanduku vya namna hiyo katika miaka ya 1990. Changu nilitengenezewa na fundi redio wa mtaani kwetu Sinza. Kina transfoma moja, kitufe cha kupunguza sauti, na swichi ya kukata ule mngurumo wa hezi 50 unaoletwa na umeme wetu wa ukutani. Kinafanya kazi vizuri, ingawa sura yake ni ya kitu ambacho polisi wangekihoji.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa dansi, na solo ilipigwa na rafiki yangu ambaye mtindo wake unajulikana hadi kwa wauza chipsi. Kabla ya kuingia kwenye chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka, huugusa uzi mwembamba mara mbili, halafu hunyamaza kidogo, ndipo anapoachia. Alikuwa ameniaga kwamba anakwenda Morogoro kwa mambo ya shamba, nami sikuwa na haja naye, kwa kuwa solo yake kavu ilikuwa tayari imo ndani ya kompyuta. Nikaiweka amplifaya bafuni juu ya stuli, kwa sababu kuta zenye vigae hurudisha mwangwi ambao chumba changu chenye magodoro ukutani hakiwezi kuutoa. Mbele ya spika nikasimamisha maikrofoni ya Shure SM57, aina inayotumika kwa kazi hii tangu miaka ya 1960, pembeni kidogo ya kitovu cha spika ili makali yapungue. Ya pili niliifunga juu karibu na dari, iokote mwangwi. Nikaiagiza programu iirudie sehemu ya chemko bila kukoma, nikafunga mlango, nikaketi sebuleni na hedifoni, nikawa kila mara naingia kusogeza maikrofoni na kutoka.

Ndipo mke wa rafiki yangu alipopita nje na shangazi yake, wakitoka kwenye kitchen party.

"Shemeji," alisema akiwa tayari ameshaingia, "mwambie mume wangu atoke."

Nilimjibu kwa heshima kwamba mume wake yuko Morogoro.

"Hata mimi ndivyo alivyoniambia."

Wakati huohuo, nyuma ya mlango wa bafu, uzi mwembamba uliguswa mara mbili, kukawa kimya kidogo, chemko likaanza. Shemeji alinitazama kama anayetazama mzani wa muuza nyama. Nikamwomba asikilize vizuri: kipande kilekile kinarudi bila kubadilika hata kidogo, na hakuna binadamu awezaye kurudia namna hiyo.

"Humjui," alisema. "Akishika neno lake moja hulirudia hadi alfajiri."

Nikafungua mlango. Shangazi aliingia kwanza, akachungulia nyuma ya pazia, akainua mfuniko wa pipa la maji, akakagua nondo za dirisha moja baada ya nyingine. Gitaa likaendelea kupigwa kwa ufundi mkubwa mbele yake pasipo mpigaji wala gitaa. Akarudi nyuma hatua kwa hatua akisema "Audhubillahi", na hakugeuza mgongo mpaka alipofika sebuleni.

Ilinibidi nieleze. Nilianza na kadi ya sauti, nikaja kwenye kisanduku, nikawaonyesha waya unaotoka mezani na kuingia bafuni, na kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kuisikiliza kazi yangu kwa makini kiasi hicho, nilinogewa.

"Kwa hiyo anapiga hapa," alisema shemeji, "na mwenyewe yuko Morogoro."

"Naam."

"Na ukitaka apige mpaka asubuhi?"

"Atapiga, wala hatadai hata soda. Huo ndio uzuri wake, shemeji. Tulimrekodi jioni moja tu, na tangu siku ile sijamhitaji tena."

Shangazi aliacha kusoma dua.

"Jioni moja," shemeji alirudia polepole. "Mwezi mzima huu anarudi saa nane za usiku, ananiambia amekesha kwako, kazi haiishi."

Nilijaribu kusema kwamba solo ina mambo mengi. Akauliza kama mashine hiyo hutunza tarehe. Sikujibu, ila shangazi, ambaye nilikuja kuelewa baadaye kwamba alistaafu uhasibu, alikuwa ameshatoa miwani kwenye mkoba na kuinama mbele ya kompyuta. Faili za solo zilikuwa zimepangwa kwa utaratibu, kila moja na tarehe na saa yake. Alizisoma zote kwa sauti, akazitafsiri saa za kompyuta kuwa za kwetu, na zote zikaangukia jioni ileile, ya mwisho ikiwa kabla ya saa mbili usiku.

Waliaga kwa adabu. Shemeji alinishukuru hata kwa kumwelimisha.

Katika purukushani hizo sikukumbuka kusimamisha kurekodi. Maikrofoni ya darini iliokota kila kitu kilichotamkwa bafuni na sebuleni, na nakiri kwamba "Audhubillahi" ya mwisho ya shangazi iliangukia sawasawa kwenye ule ukimya mfupi kabla ya chemko, mahali ambapo nilikuwa nimekosa cha kuweka. Nilirudia kazi kesho yake, lakini chaneli ile sijaifuta.

Rafiki yangu, ambaye safari ile alikuwa Morogoro kweli na alirudi na gunia la mpunga kama ushahidi, sasa hataki kusikia habari ya kurekodiwa dairekti. Anawaambia wanamuziki wenzake kwamba sauti ya kuriampu haina joto, na wapo vijana waliokwisha kuanza kulirudia neno hilo. Akija kwangu hupiga mbele ya amplifaya, tena akiwa amempigia mkewe simu na kuiacha laini wazi, kitochi chake kikiwa kimelazwa juu ya amplifaya yenyewe. Sibishani naye kuhusu joto. Ninachomwomba tu ni akisogeze kitochi hicho mpaka dirishani, kwa sababu mawimbi yake yanaingia kwenye pikapu, kile kinasa sauti cha gitaa, na kuniharibia solo kwa mlio wa dri-dri-dri, naye hataki, anasema dirishani mkewe hatasikia vizuri.